Jani Lililorudi Mwika

Mwika,
Jumapili, 3 Desemba 1972

Ndugu yangu Nikodemo,

Wageni wamefika. Jana nilipanda juu ya paa la mashine yangu ya kusaga mara umande ulipokauka kwenye mabati, nikaagiza injini izimwe. Wateja walinuna. Mama mmoja aliuliza kwa sauti, makusudi nisikie, kama siku hizi unga unasagwa kwa kutazama mawingu. Nikamwambia angoje. Kwenye saa tano wakatokea upande wa Rombo, korongo weupe wenyewe, ncha za mabawa nyeusi kama walivyo kila mwaka, wakazunguka juu ya vihamba vyetu vya migomba wakipanda na joto bila kupiga bawa. Halafu wakanyoosha kuja kwenu tambarare.

Unajua ninavyohesabu. Kila kumi wakipita, punje moja ya kahawa inatoka mfuko wa kushoto inakwenda wa kulia. Jioni nilizimwaga mezani mbele ya mke wangu Anaeli, zikawa mia moja na kumi na nne. Korongo 1,140. Tangu tuanze kazi hii, mimi kuwahesabu wakipita na wewe kuwahesabu wakitua kwenye majaruba ya mpunga, hatujapata kufika elfu. Niletee hesabu yako upesi nimpelekee Mwalimu Ebenezeri, mkubwa wa kundi letu la kuhesabu ndege, zote mbili kwa pamoja, maana safari hii nataka waraka wake uanze na sisi. Mwaka jana alinitaja mwisho kabisa, nyuma ya watu wanaohesabu kunguru wa stendi. Sikupita darasa la nne, na mashine hii nimeipata kwa mikungu ya ndizi niliyobeba kichwani mpaka Moshi mjini, lakini kujumlisha najua.

Pia nasikia yule daktari wa mifugo aliyerudi kwao Ulaya ametuachia darubini, na Mwalimu atampa yule ambaye hesabu yake inaaminika kuliko za wenzake. Sisemi kitu. Nakuarifu tu.

Humu mna unyoya. Anaeli aliuokota kando ya mfereji. Mimi nasema ni wa kipanga. Utaje, kisha uurudishe, kwa kanuni ya kundi letu: kinachoingia kwenye bahasha kinatazamwa, kinapewa jina, kinarudi kwa mwenyewe.

Msalimu shemeji Redempta.

Ndelilio Lyatuu


Mabogini,
8 Desemba 1972

Ndugu Ndelilio,

Barua imefika kwa mkono wa kondakta wa basi, na unyoya haukukunjika. Nakurudishia. Si wa kipanga, ni wa bundi. Upeperushe karibu na sikio lako, hutasikia kitu. Wa kipanga unavuma.

Sasa korongo. Jumamosi nilikuwa kwenye mlango wa maji ninaousimamia tangu asubuhi, na bwana mkubwa wa shamba la miwa alikuwa safarini, kwa hiyo hakuna aliyeniita. Walianza kushuka mchana. Nilihesabu jaruba baada ya jaruba kama kawaida yangu, na jua lilipopinda nikaanza upya toka mwanzo. Nilipata 712 mara zote mbili. Binti yangu Magdalena alikuwa nami, yeye akapata 709, akadai watatu wangu nimewazua. Redempta anasema tungekuwa tunahesabu kuku wetu hivi, tusingeibiwa.

Najua utanuna, lakini ndivyo nilivyoona. Labda wengine walishuka njiani. Korongo akiona chakula hapiti kwa sababu Ndelilio ameshamwandika. Naona tupeleke zote mbili, yako kama yako na yangu kama yangu, na Mwalimu aandike hivyo hivyo.

Mbayuwayu wa Ulaya nao wamejaa kwenye nyaya za simu njia ya mjini. Sijawahesabu. Hawatulii.

Wako,
Nikodemo Kapinga


Mwika,
14 Desemba 1972

Mwalimu Ebenezeri,

Shikamoo. Nakuletea hesabu ya korongo ya Jumamosi tarehe 2. Juu, Mwika: 1,140.

Hesabu ya chini, Mabogini, naomba usiiandike. Mwenzangu ameleta 712. Nimepiga hesabu, tofauti ni 428. Mtu anaweza kupoteza korongo ishirini nyuma ya ng'ombe, nakubali. Mia nne na ishirini na wanane ni kijiji. Mbingu ilikuwa nyeupe na njia yao ni ileile ya kila mwaka. Nionavyo mimi alilala, akaamka jioni, akahesabu waliobaki, kisha akaona aibu kusema. Yeye ni mtu wa watu na mimi sina ugomvi naye, lakini tukichanganya namba ya kweli na ya kubuni, waraka wote utakuwa wa kubuni.

Habari ya darubini utaamua mwenyewe. Mimi naishi mahali ndege wanapopita.

Ndelilio Lyatuu


Mabogini,
20 Februari 1973

Ndugu Ndelilio,

Waraka wa Mwalimu umefika. Nimeusoma mbele ya mke wangu na wanangu kwa sababu kila mwaka huwa nausoma hivyo, kwa sauti, baada ya chakula. Nilipofika pale palipoandikwa "hesabu ya Mabogini imeachwa kwa kutoaminika" nilikuwa nimeshalitamka neno nusu, ikabidi nimalize. Magdalena akaniuliza, "Baba, kutoaminika ni kusema uongo?" Nikamwambia ndiyo.

Mwalimu ameniambia ulisema nililala. Sikulala siku ile. Ungeniuliza ningekuonyesha mahali nilipokuwa nimesimama, matope yalikuwa yamefika magotini.

Naona darubini imekuja kwako. Ikinge na unyevu wa huko juu, vioo huota ukungu.

Sitaleta hesabu tena. Ukiniona mjini tusalimiane, kwa sababu sina la kukuficha.

N. Kapinga


Mwika,
18 Novemba 1974

Mwalimu Ebenezeri,

Shikamoo. Nakuandikia jambo ambalo nimelibeba tangu Jumanne na limenishinda.

Nilikwenda Kahe kununua mahindi, maana mvua ya mwaka huu imetutupa na mashine haina cha kusaga. Mzee aliyeniuzia ni mtu wa maneno mengi. Aliponiona natazama juu akaniambia hao ndege wako wakubwa weupe, nisiwaone hivi, waliwahi kumwokolea shamba. Viwavijeshi walikuwa wameingia kwenye mahindi yake asubuhi wakiwa wameshamaliza majani ya jirani. Mchana korongo wakamwagika kutoka juu, shamba likawa jeupe, na mpaka jioni kiwavi alikuwa wa kutafutwa. Nikamuuliza ilikuwa mwaka gani. Akasema sabini na mbili, na siku hiyo anaikumbuka kwa sababu alikuwa anamwoza binti yake. Padre alikataa kufungisha ndoa Majilio yakishaanza, ikabidi wabanane Jumamosi ya mwisho, na wageni wa harusi wakaacha pilau wakaenda kutazama ndege.

Nilirudi nyumbani nikatafuta kalenda ya kanisa. Jumamosi kabla ya Majilio, mwaka sabini na mbili. Tarehe 2 Desemba.

Kwa hiyo Nikodemo hakulala. Wale 428 walikuwa Kahe wanakula, na yeye amesimama kwenye matope anahesabu waliofika. Aliniambia labda walishuka njiani. Aliniandikia kwa mkono wake na mimi nikaruka mstari.

Mwalimu, kuandika kwamba nilikosea siwezi. Nimejaribu mara tatu, mkono unagoma, na karatasi yenyewe siku hizi ni ya kutafuta. Tena kwa nini nihangaike na maneno wakati sisi tuna sale? Nimekata jani moja kwenye mpaka wa kihamba cha marehemu baba, nimelifunga fundo kama inavyopasa, ninamwekea kwenye bahasha. Wewe unajua na mimi najua. Mtu akiletewa sale, hata kama umemchomea nyumba, analipokea na neno linakwisha. Nikodemo amekaa kwetu tangu kabla ya Uhuru, anauza samaki wa mferejini kwenye soko la Mwika, hawezi kuwa hajaliona.

Akishalipokea nitakuarifu. Hapo andika kwenye waraka kwamba namba ya Mabogini ilikuwa sahihi, uandike kwa herufi kubwa ukitaka. Kabla ya hapo usiandike, maana atadhani ninamwomba radhi mbele za watu kabla ya kumwomba yeye.

Ndelilio


Mwika,
18 Novemba 1974

Nikodemo,

Habari za siku nyingi. Nimekuwekea kitu humu ndani. Wewe ni mtu mzima, sina haja ya kueleza.

Ninangoja.

Ndelilio


Mabogini,
2 Desemba 1974

Ndugu Ndelilio,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, sitakuficha. Redempta alisema, "Bwana mkubwa wa darubini amekukumbuka."

Jani nimelitazama vizuri. Kwanza nilidhani ni la mtete ambao korongo wameanza kutandikia viota, lakini korongo hawa hawajengi kwetu, wanajenga kwao Ulaya, na wewe unajua hilo kuliko mimi. Nikalipeleka kwa bwana shamba. Anasema ni mmea wa mpaka, mnaupanda huko kwenu kwenye vihamba ili majirani wasisogezeane mipaka. Hakuna mdudu aliyelitafuna wala kinyesi cha ndege. Kuhusu lile fundo, nafikiri ni mtoto alilifunga akicheza. Nimelifungua ili jani lilale vizuri lisivunjike njiani.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: ni jani la mpaka, halina ndege. Kama ulitaka kujua jambo jingine juu yake nieleze, nitauliza zaidi.

Nakurudishia lenyewe humu, kwa kanuni yetu. Hesabu nimeacha, lakini kanuni sijaacha. Magdalena ndiye aliyebandika stempu, ikikaa upande msamehe.

Wasalimu nyumbani.

Nikodemo


Mwika,
9 Desemba 1974

Mwalimu Ebenezeri,

Usiandike lolote.

Amelirudisha. Amelifungua fundo, amelinyoosha, amelirudisha kwenye bahasha pamoja na maneno ya kejeli, kwamba ni jani la mpaka na halina ndege. Babangu aligombana na ndugu zake miaka, wakapelekana mpaka barazani kwa Mangi, chifu wetu, na hata wao hawakuwahi kurudishiana sale. Anaeli amelishika akalia.

Kosa nilifanya, sikatai. Lakini nililipia kwa kitu ambacho kwetu hakuna zaidi yake, na yeye amekitema. Basi namba yake ibaki ilivyo. Sitamtaja tena, nawe usinitajie.

Ndelilio


Mabogini,
30 Juni 1978

Ndugu Ndelilio,

Tunarudi Mbinga. Shamba limepunguza watu, na kaka yangu amenitafutia nafasi kwenye kijiji cha ujamaa karibu na misheni. Nimekaa huku miaka kumi na tisa na mizigo yetu yote imeingia kwenye nusu ya gari.

Nilikuja Mwika soko la Jumanne iliyopita nikapita kwenye mashine. Niliambiwa sasa ni ya kijiji na kwamba wewe hukai hapo tena. Pole sana. Najua ulivyoipata. Nikauliza njia ya nyumbani kwako, nikafika mpaka kwenye mpaka wa migomba. Shemeji Anaeli aliniona kwa mbali, akaingia ndani, hakutoka. Nikaona nisisumbue.

Tangu lile jani hujaniandikia. Nimefikiri sana na sijui nilikosa wapi. Kama nilikosea jina la ule mmea, nisamehe, mimi ni mtu wa ndege, majani siyajui.

Mwaka jana korongo walikuwa wachache. Sikuhesabu, lakini mtu hawezi kuacha kuona.

Nikodemo Kapinga


Kilema,
14 Oktoba 1984

Baba mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa mama. Sisi huku hatujambo, mtoto ameota meno mawili. Sukari hakuna, sabuni tunapata kwa foleni, lakini ndizi zipo na mama mkwe ananipenda.

Baba, kuna jambo limenitoa usingizi. Juzi baba mkwe alikuwa na ugomvi na jirani. Jirani alikata mti wa mpakani ukaanguka juu ya zizi, mbuzi mmoja akafa. Wakatukanana siku nzima kwa Kichagga, sikuelewa nusu yake. Jumapili, tukitoka kanisani, yule jirani akaja mlangoni hana hata salamu, ameshika jani refu la kijani lililofungwa fundo katikati. Baba mkwe alisimama. Nilidhani atampiga. Alipokea lile jani kwa mikono miwili, akamwambia kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, "Imekwisha." Wakakaa wakanywa mbege, pombe ya ndizi, kwa kata moja.

Nilimuuliza mume wangu. Akaniambia hilo ni sale. Ukimkosea mtu mpaka maneno hayatoshi, unampelekea hilo, na yeye hana ruhusa ya kulikataa. Nikauliza, akikataa je? Akacheka, akasema hajawahi kusikia. Kulirudisha ni kumwambia mwenzako sitakusamehe mpaka unizike au nikuzike.

Baba, mimi ndiye niliyebandika stempu. Nalikumbuka lile fundo. Ulilifungua kwa ncha ya kisu, ukaniambia tusilivunje, ni la watu.

Mwanao,
Magdalena


Mbinga,
11 Novemba 1984

Ndugu Ndelilio,

Nakuandikia sijui kama uko hai. Nimeambatanisha barua ya binti yangu, umsome yeye kwanza, kisha urudi kwangu.

Umemsoma? Basi sasa unajua kwamba sikujua. Miaka kumi na tisa nilipita katikati ya masale yenu nikiyaona kama boma la kuzuia mbuzi. Hakuna mtu aliyenieleza na mimi sikuuliza, kwa sababu nilikuwa natazama juu. Nililifungua fundo lako kwa kisu cha kumenyea viazi. Nikikumbuka hilo nasimama nilipo.

Lakini nina swali, na nimelingoja mpaka nipoe ndipo nikuulize. Ulikuwa unaniomba radhi kwa lipi? Kama ni kwa waraka, basi wakati ule ulikuwa umeshajua kwamba sikudanganya. Ulijuaje? Na kama ulijua, Ndelilio, kwa nini usiniandikie? Wewe uliyeniandikia kurasa nne juu ya bei ya dizeli. Maneno mawili yangetosha, "nilikosea," mimi ningepanda basi siku hiyo hiyo. Ulinipelekea lugha yenu ndani ya bahasha ukangoja niisome.

Na mimi nikakujibu kwa kanuni. Tulikuwa watu wa kanuni sana.

Nimetafuta sale huku milimani kwetu sikuliona. Kuna mmea karibu na kisima cha misheni, unafanana nalo kwa mbali. Nimechuma jani, nimelifunga fundo kwa kukumbuka tu lile nililolifungua. Kama si lenyewe, naomba ulichukue kama lenyewe, sina jingine.

Macho yangu bado mazuri. Redempta amezeeka lakini bado ananicheka.

Nikodemo


Mwika,
6 Januari 1985

Ndugu yangu Nikodemo,

Anaandika Anaeli, maneno ni yangu. Mtoto wa jicho amenishika macho yote mawili. Pale hospitali ya Mawenzi waliniambia nirudi dawa zikipatikana, nimerudi mara mbili, hazijapatikana. Naona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu. Korongo sioni.

Barua yako na ya binti yako nimesomewa mara nne. Mara ya kwanza nilimwambia Anaeli ananisomea vibaya.

Ulijuaje, unauliza. Nilijua kwa kununua mahindi Kahe, Novemba ya mwaka sabini na nne. Korongo wengine walishuka pale siku ileile, wakala viwavijeshi kwenye shamba la mtu aliyekuwa anaoza binti. Hakuna aliyewahesabu, kwa sababu watu wa harusi hawahesabu. Lakini 1,140 ukitoa 712 wanabaki 428, na mimi nasema ndio hao. Namba yangu ilikuwa sawa na yako ilikuwa sawa. Nilikuwa tayari kuamini kwamba wewe ni mwongo kuliko kuamini kwamba korongo anaweza kuwa na njaa.

Kwa nini sikuandika maneno mawili? Hapa Anaeli ameweka kalamu chini, anasema na yeye anangoja jibu. Nilianza maisha nikiwa mtu anayeonewa, Nikodemo, na nikazoea. Walionipunja kwenye ndizi nawajua kwa majina, walionichukulia mashine nawajua, kila mmoja na kiasi chake. Hesabu ya niliowapunja mimi sikuwa nimeianza. Ya kwanza ilipokuja sikujua inaandikwa upande gani.

Uliposimama kwenye mpaka wa migomba yangu mwaka ule, nilikuwa ndani. Mimi ndiye niliyemwambia Anaeli aingie. Nilikutazama kwa darubini. Ulikuwa umevaa koti la kijivu na ulimtazama mwewe mmoja aliyepita, ukageuza shingo mpaka akatoweka, kisha ndipo ukaondoka. Nilijiambia huyu amekuja kunicheka. Halafu ile barua yako ya kuaga, uliposema majani huyajui, nikasema ndiyo hiyo kejeli nyingine.

Sasa la waraka. Mwalimu Ebenezeri alifariki mwaka sabini na tisa. Kundi likafa naye, karatasi za kuchapia zilikuwa zimeshaadimika. Alikuwa tayari kusahihisha na mimi ndiye niliyemzuia. Kwa hiyo mpaka leo, kwenye kila nyumba iliyotunza waraka ule, wewe ni mtu wa kutoaminika, na hakuna waraka mwingine wa kusema vingine. Nimemwagiza Anaeli aniandikie barua kwa wale watano waliobaki hai. Amewaandikia. Mmoja amejibu, akasema hakumbuki kabisa habari hiyo, ila anaulizia kama nina mbegu za kahawa. Hivyo ndivyo ninavyokulipa.

Desemba iliyopita nilimpandisha Anaeli kwenye kilima cha kanisa awahesabu badala yangu. Nilimjazia punje mfukoni. Akarudi nazo zote mfuko uleule, akasema wamepita wengi. Nikamuuliza wengi wangapi. Akasema wengi ni wengi, na kwamba walikuwa wazuri na alisahau kuhamisha punje. Nilikasirika mpaka jioni. Ndiyo hesabu ya msimu huu, nakupa kama nilivyopewa.

Magdalena alikuja juzi na mumewe na mtoto, nilimwalika kwa barua. Anahesabu kama wewe. Aliingia sebuleni akaniambia vikombe vyangu havilingani na sahani. Nimempa darubini akuletee akija huko Pasaka. Vioo vina ukungu kidogo upande wa kushoto, kama ulivyonionya. Nilikuwa naifuta kila mwaka na kila mwaka nikisikia sauti yako. Darubini hiyo haiingii kwenye kanuni ya bahasha. Usiirudishe.

Na jani. Anaeli aliponisomea barua yako aliruka mstari mmoja, namjua anavyovuta pumzi akiruka kitu. Alitaka niamini ni sale lenyewe. Lakini mikono yangu siku hizi ndiyo macho, na nimelipapasa toka shina mpaka ncha. Sale ni laini, halina mshipa mgumu katikati. Hili linao. Kingo zake zinakwaruza. Fundo umelifunga kinyume, ncha imetokea chini. Angekuwapo baba yangu angesema hili si kitu, ni takataka ya kisimani, mwenye nalo akatafute lingine.

Mimi nimelihesabu.

Liko kwenye mfuko wa kulia, halirudi.

Ndelilio